Upande wa Pili wa Kanda: Viv Albertine, Gitaa na Tawasifu

Historia ya muziki, sawa na historia ya fasihi, huandikwa na walioshika kalamu. Asiyeishika huweza kusahauliwa hata kama alisimama katikati ya jukwaa. Makala haya yanaangazia maisha ya Viv Albertine, mpiga gitaa wa bendi ya Uingereza iitwayo The Slits, aliyepitia kazi nyingi kabla ya kuishika kalamu mwenyewe.

Panki na mlango uliofunguka

Panki ni mtindo wa muziki wa roki uliopamba moto nchini Uingereza kuanzia mwaka wa 1976. Nyimbo zake aghalabu ni fupi, za kasi na zenye kubeza mamlaka na desturi. Nguzo yake kuu ilikuwa imani kwamba si lazima mtu afuzu muziki ndipo apande jukwaani. Imani hiyo iliwafungulia mlango wanawake, ambao katika roki walitarajiwa kuimba zaidi kuliko kupiga ala.

Albertine, aliyezaliwa Sydney, Australia, mwaka wa 1954 na kulelewa kaskazini mwa London, alikuwa mmoja wa walioingia kwa mlango huo. Mnamo 1976 alitumia pauni 200 alizoachiwa na nyanyake kununua gitaa la umeme, ilhali hakujua kulipiga. Mwaka uliofuata alijiunga na The Slits, bendi ya wasichana ambayo mwimbaji wake, Ari Up, alikuwa na umri wa miaka 14 ilipoundwa. Mwaka huohuo walifanya ziara pamoja na bendi ya The Clash.

Albamu yao ya kwanza, Cut, ilitoka mwaka wa 1979. Mtayarishaji wake alikuwa Dennis Bovell, mzaliwa wa Barbados na bingwa wa rege. Katika albamu hiyo, gitaa la Albertine halijitapi kwa ufundi wa vidole. Hukwaruza, hukatika, kisha hunyamaza ili besi ipate kuvuma. Kutokana na mchanganyiko huo wa panki na rege, wengi huihesabu albamu hiyo miongoni mwa kazi muhimu za kipindi chake.

Miaka ya kimya

Bendi ilivunjika mapema mwaka wa 1982, na Albertine akaliweka gitaa chini kwa takriban robo karne. Alifundisha mazoezi ya viungo yanayofuata mdundo wa muziki, akasomea utengenezaji wa filamu, kisha akawa mwelekezi wa vipindi vya televisheni. Aliolewa, akapata binti, na muda mfupi baadaye akaugua saratani ya mlango wa kizazi. Baada ya kupona aliishi katika mji wa pwani wa Hastings, ambako alijishughulisha na ufinyanzi.

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Akiwa amevuka umri wa miaka 50, Albertine alianza upya kujifunza gitaa na kutumbuiza katika kumbi ndogo. Albamu yake binafsi, The Vermilion Border, ilitoka mwaka wa 2012. Mwaka wa 2013 aliigiza mhusika mkuu katika filamu ya Exhibition, iliyoelekezwa na Joanna Hogg.

Tawasifu kama ushahidi

Mwaka wa 2014 alichapisha tawasifu, Clothes, Clothes, Clothes. Music, Music, Music. Boys, Boys, Boys. Kwa mwanafunzi wa fasihi, muundo wake ndio wenye funzo. Kitabu kimegawanywa kama kanda ya muziki: upande wa kwanza unahusu bendi, na upande wa pili unasimulia yaliyofuata baada ya kuvunjika kwake. Ugonjwa, ndoa na malezi yanapewa uzito sawa na jukwaa. Aidha, matukio yanasimuliwa kwa wakati uliopo, hivyo msomaji humkuta msichana asiyejua litakalompata kesho, badala ya mtu mzima anayejisifia yaliyopita. Tawasifu ya pili, To Throw Away Unopened, ilifuata mwaka wa 2018 na inachunguza familia yake, hususan mamake.

Umuhimu wa ushahidi huo ulidhihirika mwaka wa 2016, Maktaba ya Uingereza ilipoandaa maonyesho kuhusu panki. Albertine aliona kuwa maelezo yaliyobandikwa ukutani yalitaja bendi za wanaume pekee. Alichukua kalamu, akayakata majina hayo na kuandika ya bendi za wanawake, ikiwemo yake mwenyewe.

Hitimisho

Kazi za Albertine, kuanzia gitaa hadi udongo wa mfinyanzi, hazikufuata mstari ulionyooka. Kinachoziunganisha ni ujasiri wa kuanza jambo kabla ya kulijua. Isitoshe, maisha yake yanaonyesha kwamba tawasifu si pambo la watu mashuhuri. Ni njia ambayo aliyeachwa nje ya historia hujirudisha ndani yake. Palipo na ukuta wenye majina pungufu, kalamu bado ina kazi.