Bendera Iliyogawa Majukwaa
Sehemu ya Pili

Wiki iliyopita tulimwacha James Meredith, mwanafunzi Mweusi wa kwanza, amekwisha kujiandikisha katika Chuo Kikuu cha Mississippi, mjini Oxford, asubuhi ya tarehe 1 Oktoba 1962. Moshi wa mabomu ya machozi ulikuwa bado haujatawanyika, na watu wawili walikuwa wamekufa: Paul Guihard, mwandishi wa shirika la habari la Ufaransa, AFP, na Ray Gunter, fundi aliyeishi jirani. Siku nane baadaye Uganda ilipandisha bendera yake ya uhuru. Naitaja Uganda kwa kuwa makala ya leo nayo ni habari ya bendera, ila hii, ya jeshi la Kusini mwa Marekani, ilishushwa kwa kushindwa vitani mwaka 1865, kisha ikafufuliwa kwenye uwanja wa mpira.

Huenda msomaji akajiuliza mpira unaingiaje katika mambo ya Meredith. Jumamosi ya tarehe 29 Septemba, siku moja kabla ya ghasia za kumpinga, timu ya chuo ilicheza na Kentucky mjini Jackson, makao makuu ya jimbo. Mpira ninaousema si kandanda. Ni ule mchezo wa Kimarekani wa kofia ngumu na mabega yaliyovimbishwa kwa pedi, na Mississippi haina timu ya kulipwa ya mchezo huo, kwa hiyo timu ya chuo hubeba fahari ya jimbo zima. Uwanja ulifurika. Wakati wa mapumziko Gavana Ross Barnett alisogea kwenye kipaza sauti. Siku hiyohiyo alikuwa akizungumza kwa simu na Rais Kennedy namna ya kumwingiza Meredith chuoni bila damu kumwagika. Sasa, kwa maneno machache, akatangaza kwamba anaipenda Mississippi, anawapenda watu wake, na anaziheshimu desturi zao. Hakumtaja Meredith wala hakutaja rangi ya mtu, na hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Majukwaa yalilipuka kwa kelele, na juu ya vichwa vya watu zikapepea bendera nyekundu zenye msalaba wa buluu na nyota 13. Usiku wa kesho yake Guihard na Gunter wakauawa.

Kila ninapoisoma habari ya mapumziko yale nasimama kwenye neno moja: desturi. Tangu siku hizo hadi leo, kila mara bendera ile inapopingwa, watetezi wake hujibu kwamba hiyo ni mila ya chuo, urithi wa mababu, na kwamba mgeni hana haki ya kuja kuwapangia wenyeji mila zao. Sisi tuliokulia katika jamii zinazoheshimu mila hoja hiyo hutugusa. Basi na tuipime kwa uzito wake.

Chuo kilifunguliwa mwaka 1848. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861 karibu wanafunzi wote waliacha masomo, na wengi wao wakaunda kikosi kilichoitwa University Greys katika jeshi la majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili kuulinda utumwa. Huko Gettysburg, mwaka 1863, kila mmoja wao aliyeshiriki shambulio la mwisho aliuawa, alijeruhiwa au alitekwa. Ulikuwa msiba wa kweli, na wazazi waliolia walilia watoto wao. Lakini timu ya mpira ilianza mwaka 1893, ikacheza kwa zaidi ya miaka 50 bila bendera hiyo kuwa alama yake. Hata jina la timu, Rebels, yaani Waasi, lilipatikana mwaka 1936 kwa shindano la kubuni jina.

Bendera ilijaa majukwaani mwaka 1948, na mwaka huo haukuja kwa bahati. Rais Truman alikuwa akisukuma sheria za haki za raia Weusi, na mwaka huohuo aliamuru ubaguzi ukomeshwe katika majeshi ya Marekani. Wanasiasa wa Kusini walikisusa chama chake, wakakutana Birmingham, Alabama, wakaanzisha chama chao, wakamteua Strom Thurmond wa South Carolina kugombea urais na Fielding Wright, gavana wa Mississippi, kuwa mgombea mwenza. Wanafunzi wa Oxford walikuwamo katika mkutano huo, bendera mkononi. Msimu wa mpira ulipoanza miezi michache baadaye, bendera zikahamia uwanjani. Kwa hesabu hiyo, Barnett aliposifu desturi za Mississippi mwaka 1962, mila ya kupeperusha bendera katika mechi ilikuwa na umri wa miaka 14. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyekaa jukwaani siku ile alikuwa mkubwa kuliko mila aliyoambiwa ni ya mababu zake.

Wimbo wa Dixie, uliopigwa na bendi ya chuo katika kila mechi, nao una asili ya kustaajabisha. Mtunzi anayetajwa ni Daniel Emmett, mtu wa Ohio, na uliimbwa kwanza New York mwaka 1859 katika yale maonyesho ambamo Wazungu walijipaka masizi usoni ili kuwaigiza Weusi. Na jina la mapenzi la chuo, Ole Miss, lilianza kama jina la kitabu cha picha cha wanafunzi miaka ya 1890. Ndivyo watumwa walivyomwita mke wa mwenye shamba. Mtoto wa mtumwa alilisema jina hilo huku ameinamisha kichwa. Leo wajukuu wa watumwa hao hulivaa kifuani, na wengi wao huliona la kawaida kabisa. Mimi bado linanikwaruza.

Kwa karibu miaka kumi baada ya Meredith timu ya mpira ilibaki ya Wazungu watupu. Wachezaji wawili wa kwanza Weusi, Ben Williams na James Reed, walisajiliwa mwaka 1971. Williams, kijana mkubwa wa mwili aliyetoka Yazoo City, alipendwa sana. Mwaka 1975 wanafunzi walimpigia kura ya heshima ya juu kabisa waliyoweza kumpa mwanafunzi wa kiume, na heshima hiyo iliitwa Colonel Rebel, Kanali Mwasi. Baadaye alicheza miaka kumi katika ligi ya kulipwa, katika timu ya Buffalo. Tafakari hali ya kijana huyo siku ya mechi: anatoka katika chumba cha kubadilishia nguo, maelfu wanamshangilia kwa dhati, na wanachompungia ni bendera ya jeshi lililopigana ili babu zake wabaki kuwa mali ya watu. Ushangiliaji ule ulikuwa wa kweli, na tusi lililokuwamo ndani yake lilikuwa la kweli pia. Ugumu wa jambo lote hili umo hapo. Laiti majukwaa yangejaa chuki tupu, kazi ya kueleza ingekuwa rahisi.

Aliyeulazimisha ukweli huo usemwe hadharani hakuwa mchezaji. Mwaka 1982, miaka 20 kamili baada ya Meredith, wanafunzi walimchagua John Hawkins kuwa Mweusi wa kwanza katika kikosi cha kuongoza ushangiliaji. Kazi ya kikosi hicho ilikuwa kuruka, kuitikisha nyimbo, kuwapa watazamaji bendera kabla ya mechi na kuipeperusha ile kubwa mbele ya timu. Hawkins alisema ataongoza ushangiliaji lakini bendera hataishika. Alieleza kwa upole kwamba nyumbani kwao hakufundishwa kuichukia, ila amesoma historia, anajua yaliyowapata wahenga wake, na kwa hiari yake anachagua kutoipeperusha.

Tazama alichokifanya kijana huyu. Hakususa timu, wala hakudai wenzake wanyang'anywe bendera zao. Aliingia uwanjani kila Jumamosi akaishangilia timu kwa mikono mitupu. Kwa kufanya hivyo aligusa fundo ambalo hotuba nyingi zilishindwa kulifungua: je, mtu anaweza kukipenda chuo hiki bila kuipenda bendera ile? Kama jibu ni ndiyo, basi bendera haikuwa roho ya chuo. Waliolielewa swali hilo walishtuka, na ndiyo sababu hasira iliyofuata ilikuwa kubwa kuliko kosa lake. Alitishiwa. Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, wakaja kuandamana Oxford mwezi Oktoba. Aprili 1983, uvumi ulipoenea kwamba bendera itapigwa marufuku, mamia ya wanafunzi Wazungu waliandamana usiku ndani ya chuo, wakasimama mbele ya nyumba ya chama cha wanafunzi Weusi wakipeperusha bendera na kutoa matusi.

Siku chache baadaye mkuu wa chuo, Porter Fortune, akatoa uamuzi. Chuo hakitaitumia tena bendera hiyo kama alama yake, na kikosi cha ushangiliaji hakitaigawa wala kuipeperusha. Mtazamaji anayeitaka atakuja nayo mwenyewe kutoka nyumbani. Wimbo wa Dixie ulibaki. Colonel Reb, alama ya timu, naye alibaki, yule mzee wa ndevu nyeupe na kofia pana anayefanana na bwana shamba wa zamani. Kwa miongo kadhaa alikuwa mchoro tu. Mwaka 1979 ndipo mwanafunzi alipoanza kuvalishwa umbo lake na kucheza pembeni mwa uwanja, wakati ambapo wachezaji Weusi walikuwa tayari kikosini.

Wapo waliouita uamuzi wa Fortune woga. Mimi nauona una maana zaidi ya hapo, na inafaa msomaji wa kwetu aielewe sheria iliyokuwa nyuma yake. Chuo cha Mississippi ni cha serikali, na katiba ya Marekani huifunga serikali mikono isimzuie raia kusema jambo kwa sababu tu ni la kuchukiza, na kupunga bendera huhesabiwa kuwa ni kusema. Lakini katiba haiilazimishi serikali iseme maneno hayo kwa kinywa chake yenyewe. Mwanafunzi anapokuja na bendera yake, huyo ni yeye. Anapokabidhiwa na mtu aliyevaa sare ya chuo, basi chuo ndicho kinachozungumza. Fortune alikitenga kinywa cha chuo na vinywa vya watu. Hakupendwa na upande wowote kwa hilo, na kwa miaka 14 mingine majukwaa yakabaki mekundu, sasa kwa bendera za kununuliwa dukani.

Kilichokuja kuziondoa ni vijiti. Mwaka 1997 kocha Tommy Tuberville aliwaomba mashabiki waache bendera, kwa kuwa zilimfanya apate shida kuwasajili vijana Weusi ambao bila wao hakuna timu ya ushindani. Mkuu wa chuo wakati huo, Robert Khayat, aliyewahi kuichezea timu hiyohiyo, alikuwa mwanasheria, na alijua hawezi kuigusa bendera yenyewe. Chuo kikapiga marufuku vijiti na vitu vyenye ncha uwanjani, pamoja na mabango makubwa, kwa sababu za usalama. Bendera isiyo na kijiti ni kitambaa tu mkononi. Mwanasheria mmoja mtetezi wa ubaguzi alikwenda mahakamani, akashindwa, akakata rufaa, akashindwa tena.

Siwezi kuificha huzuni yangu hapa. Wanafunzi Weusi waliomba kwa miaka mingi, wakaeleza maumivu yao kwa adabu, wakaambiwa ni mila. Mwili wa mchezaji Mweusi ulipoanza kuhitajika ili timu ishinde, mila ikapata njia ya kuondoka. Hawkins alikuwa na haki mwaka 1982 kama Tuberville alivyokuwa na haja mwaka 1997, lakini haja ndiyo iliyosikilizwa.

Mengine yalifuata moja baada ya jingine. Colonel Reb aliondolewa uwanjani mwaka 2003. Mwaka 2009 mkuu wa chuo, Dan Jones, aliizuia bendi kupiga wimbo mmoja uliochanganywa na Dixie, kwa kuwa mashabiki walizoea kuumalizia kwa kupiga kelele kwamba Kusini itainuka tena. Ku Klux Klan wakaja tena, na safari hii wanafunzi, Wazungu kwa Weusi, waliwapa kisogo huku wakisoma kwa sauti kiapo cha chuo chao. Dixie yenyewe ilinyamazishwa mwaka 2016. Jina Rebels lipo hadi leo, na Ole Miss pia.

Halafu ikaja Jumamosi ya tarehe 23 Februari 2019. Watu waliotoka nje ya chuo waliandamana mjini Oxford na bendera ileile, wakaelekea kwenye sanamu ya askari wa Kusini iliyokuwa imesimama katikati ya chuo. Si mbali na hapo timu ya mpira wa kikapu ilikuwa ikijiandaa kucheza na Georgia. Wimbo wa taifa ulipoanza wachezaji sita walipiga goti mmoja baada ya mwingine, na kabla haujamalizika wengine wawili wakajiunga nao. Wote wanane walikuwa Weusi. Baada ya mechi mmoja wao, Breein Tyree, alieleza kuwa walikuwa wamechoshwa na mambo kama yale ya maandamano kuja chuoni kwao. Lakini kabla ya hayo, wimbo ulipokwisha, waliinuka, wakacheza. Walishinda kwa 72 dhidi ya 71, na ukumbi ukawashangilia.

Wiki ijayo: mchezaji mmoja, ujumbe mmoja wa mtandaoni, na bendera ya jimbo la Mississippi, Juni 2020.