Mtoto akitaka udaktari na utafiti, mzazi alipie lipi?

Wiki hii tunaweka kando bei za mahindi na alizeti ili tuzungumzie uwekezaji ambao wafanyabiashara wengi wa kanda ya kati huufanya bila kupiga hesabu, yaani elimu ya juu ya mtoto. Gunia likioza ghalani, hasara ni ya msimu mmoja. Mtoto akianzishwa kwenye njia ndefu ya masomo ambayo familia haiwezi kuimaliza, hasara hiyo inaweza kula mtaji wa miaka 10.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa Mlali, wilayani Kongwa, anayekusanya mazao vijijini na kuyauza Kibaigwa. Binti yake amemaliza kidato cha sita katika mchepuo wa fizikia, kemia na baiolojia, na amefaulu vizuri. Siku moja anamwambia: "Baba, nataka kutibu watu, lakini nataka pia kufanya utafiti wa magonjwa." Mzee amesikia kwamba nchi za nje kuna vyuo vinavyotoa shahada zote mbili kwa mpango mmoja. Anao ng'ombe wa kuuza na nyumba ya kuweka rehani. Je, auze?

Ushauri wetu ni kwamba asiuze kwanza. Kama ilivyo kwa bidhaa yoyote, ajue kwanza anachonunua, nani mwingine anaweza kukilipia, na lini kitaanza kurudisha fedha.

Madaktari wa aina mbili

Neno "daktari" limewachanganya wazazi wengi, kwa sababu herufi "Dk." huwekwa mbele ya majina ya watu wenye kazi tofauti kabisa.

Daktari wa kwanza ni yule wa hospitali. Nchini Tanzania husoma shahada ya udaktari wa binadamu, MD, kwa miaka 5, kisha hufanya kazi kwa vitendo chini ya uangalizi kwa mwaka 1, ndipo apate usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika. Akitaka kuwa bingwa wa watoto, upasuaji au macho, husoma shahada ya uzamili, MMed, kwa miaka 3 au zaidi.

Daktari wa pili ni mwenye shahada ya uzamivu, PhD. Huyu hafundishwi kutibu. Hufundishwa kuuliza swali ambalo halijajibiwa, kukusanya ushahidi, kuupima na kuandika tasnifu. Miaka ya kawaida ni 3 au 4, lakini wapo wengi wanaozidisha. Anaweza kuwa na "Dk." mbele ya jina lake na asiruhusiwe kumwandikia mgonjwa hata kidonge kimoja.

Anayetaka vyote hapa nyumbani hupita hatua kwa hatua. Miaka 5 ya MD, mwaka 1 wa vitendo, miaka 3 ya ubingwa na miaka 3 ya uzamivu ni jumla ya miaka 12, kama hakuna kusubiri ajira, ruhusa ya mwajiri wala mfadhili. Binti aliyeanza akiwa na miaka 20 atamaliza akiwa na miaka 32 kwa uchache.

Mpango wa pamoja wa nje

Nchini Marekani mpango wa kuunganisha MD na PhD ulianza kugharamiwa na Taasisi za Taifa za Afya, NIH, mwaka 1964. Mwanafunzi husoma udaktari miaka 2 hivi, hutoka kwenda maabara kwa miaka 3 au 4, kisha hurudi kumalizia hospitali. Jumla ni kama miaka 8. Uingereza nayo ina mipango ya aina hiyo katika vyuo kama Cambridge na University College London.

Kwa anayekubaliwa akiwa na ufadhili kamili, mpango huu ni mzuri mno. Ada hulipwa, posho hutolewa, na anahitimu bila deni kubwa. Lakini mfanyabiashara wa Mlali aangalie mambo matatu kabla ya kushangilia.

Kwanza, ili kuingia chuo cha udaktari Marekani mtu huwa tayari ana shahada ya kwanza, ambayo kwa kawaida ni ya miaka 4. Kwa hiyo miaka 8 si hesabu kamili. Pili, fedha za NIH kwa mpango huo ni kwa raia wa Marekani na wakazi wa kudumu. Vyuo vinavyopokea mgeni na kumlipia kwa fedha zake vyenyewe ni vichache, na ushindani ni mkali. Mzazi anayeambiwa na wakala kwamba "Marekani wanalipia kila kitu" aombe kuonyeshwa barua yenye jina la mwanawe.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mpango wa pamoja hauna vituo vingi vya kushukia. Ni kama basi la moja kwa moja kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam: ukiishiwa nauli Gairo, hukufika. Mwanafunzi akikwama mwaka wa 5 anaweza kurudi bila cheti cha kutibu na bila cheti cha utafiti. Njia ya hatua kwa hatua inachosha, lakini kila hatua ina kituo. Mwisho wa mwaka wa 6 binti ni daktari kamili anayeweza kuomba ajira. Hata kama hataendelea, mtaji haukupotea. Aidha, asisahau kwamba shahada ya nje inapaswa kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, na mwenye nayo kusajiliwa na Baraza, ndipo atibu hapa.

Funzo la Kongwa

Wako wanaodhani kwamba asiyekuwa na shahada zote mbili hawezi kufanya utafiti wa maana. Wilaya ya Kongwa yenyewe inaonyesha vinginevyo. Tangu miaka ya 1980 watafiti wamekuja hapa kuchunguza trakoma, ugonjwa wa macho unaoweza kuleta upofu. Miongoni mwao walikuwepo Hugh Taylor, daktari wa macho kutoka Australia, na Sheila West wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, ambaye si daktari wa hospitali bali ni mtaalamu wa uenezi wa magonjwa mwenye uzamivu. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa katika vijiji 6 vya Kongwa. Vijiji vyote vilipewa dawa ya macho, na nusu yake vikahimizwa pia kuwaosha watoto nyuso. Trakoma kali ilikuwa ndogo zaidi pale walipohimizwa kuosha nyuso.

Mfano mwingine ni wa marehemu Dk. Mwele Malecela, ambaye ukoo wake ni wa Mvumi, Dodoma. Alisoma elimu ya wanyama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafanya kazi katika Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na akapata uzamivu London. Alibobea katika ugonjwa wa matende na mabusha, akawa Mkurugenzi Mkuu wa NIMR mwaka 2010, na baadaye akaongoza idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele katika Shirika la Afya Duniani hadi alipofariki mwaka 2022. Hakusomea MD.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa binti si "chuo gani?" bali "unataka kuamka asubuhi ufanye nini?" Kama moyo wake uko kwa mgonjwa kitandani, MD na ubingwa vinamtosha, na utafiti anaweza kuufanya humo humo. Kama moyo wake uko kwenye maabara na takwimu, shahada ya sayansi, uzamili na uzamivu vitamfikisha mapema zaidi. Vyote viwili ni kwa yule ambaye kweli hawezi kuacha kimoja.

Nani alipe?

Kwa MD, mzazi na mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu wanaweza kusaidiana. Lakini mkopo ni deni: mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi limalizike. Kwa ubingwa, tafuta mwajiri atakayempa ruhusa ya masomo huku mshahara ukiendelea.

Kwa uzamivu, kanuni yetu ni moja: usiulipie kwa mtaji wa duka. Uzamivu unaofaa huwa na mradi wenye fedha, msimamizi mwenye kazi inayoendelea na posho ya mwanafunzi. Muhimbili, kwa mfano, imesomesha wataalamu wengi kwa ushirikiano na vyuo vya Sweden, mwanafunzi akikusanya takwimu hapa na kwenda kule kwa vipindi. Kama hakuna aliye tayari kulipia utafiti huo, soko limekwisha kusema.

Hata ufadhili nao una hatari zake. Mwaka 2025 Marekani ilifunga shirika lake la misaada, USAID, na miradi mingi ya afya ikasimama ghafla. Mwanafunzi aulize: fedha ziko benki au ziko kwenye ahadi? Ni za miaka mingapi? Msimamizi akihama, nani anabaki na mimi?

Watu wa Kongwa wanajua gharama ya kuweka fedha zote kabla ya kupima ardhi. Mwaka 1947 Waingereza walianza hapa mradi wa karanga kwa matrekta na haraka nyingi, bila kuujua vyema udongo wala mvua. Ulipoachwa mwaka 1951 ulikuwa umekula zaidi ya pauni milioni 35.

Mzee wa Mlali asirudie hesabu ile. Auze ng'ombe wachache kwa ajili ya MD, asiweke nyumba rehani kwa ajili ya PhD, na mwaka wa 6 ukifika, akae tena na binti yake wapige hesabu upya. Wakati huo binti atakuwa na mshahara wa kuombea, na atakuwa ameona wagonjwa wa kutosha kujua ni swali gani anataka kulitafutia jibu.