Tusipuuze Onyo la Tope la Chala

Ukame wa mwaka 2020 hadi 2022, ambapo misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika Pembe ya Afrika, ulituachia sisi wakazi wa Voi na Taita Taveta kwa jumla swali zito. Je, shida hii ni ya kupita, au ndiyo desturi mpya? Wapo wanaotafuta jibu mawinguni. Mimi nasema sehemu kubwa ya jibu imo humu humu kaunti yetu, chini ya Ziwa Chala, na walioliandika ni viumbe wadogo wasioonekana kwa macho.

Ziwa Chala limo katika shimo la volkano upande wa mashariki wa Mlima Kilimanjaro, karibu na Taveta, na mpaka wa Kenya na Tanzania unalikata. Kina chake ni takriban mita 90. Maji ya chini kabisa hayana oksijeni, na kwa hivyo hakuna mnyoo wala konokono awezaye kuishi huko na kulivuruga tope. Mwaka baada ya mwaka, tabaka jembamba hulala juu ya jingine mithili ya kurasa za kitabu.

Miongoni mwa wakazi wa ziwa hilo ni viumbe waitwao arkea. Walidhaniwa kuwa bakteria hadi mwaka 1977, Carl Woese na George Fox wa Marekani walipoonyesha kwamba ni ukoo mwingine kabisa. Baadhi yao huishi katika chemchemi zinazotokota. Wengine wamo matumboni mwa ng'ombe wetu, wakitengeneza gesi ya methani. Wapo Chala wanaojipatia nguvu kwa kuunganisha amonia na oksijeni. Utando wa miili yao umefumwa kwa mafuta magumu yasiyooza upesi. Kiumbe huyo akifa, mafuta hayo huzama na kukaa topeni kwa maelfu ya miaka.

Hapo ndipo penye siri. Zama za mvua nyingi, arkea hao wa Chala hupungua. Zama za ukavu, huongezeka. Bakteria nao huacha mafuta ambayo umbo lake hubadilika kulingana na joto. Mtaalamu akipima mafuta ya aina zote mbili katika tabaka moja, hupata habari za mvua na za joto la wakati huo.

Wataalamu wakiongozwa na Dirk Verschuren wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walitangaza mwaka 2009 historia ya mvua ya miaka 25,000 kutoka Chala. Mwaka 2016 tope hilo lilitobolewa tena hadi mita 215, kina kinachokadiriwa kufikia miaka 250,000 iliyopita. Kisha mwaka 2023, jarida la Nature likachapisha matokeo ya miaka 75,000 ambayo, kwa maoni yangu, yalistahili kusomwa katika kila baraza kuanzia Wundanyi hadi Kasigau.

Matokeo yenyewe ni haya. Wakati dunia ilipokuwa na baridi, joto lilipopanda kidogo, nchi yetu ilipata unyevu zaidi. Lakini miaka 11,700 hivi iliyopita, joto lilipokaribia kiwango cha sasa, uhusiano huo uligeuka. Tangu hapo, kadiri joto linavyozidi ndivyo maji yanavyokauka kuliko yanavyonyesha. Programu nyingi za kompyuta zimekuwa zikitabiri kwamba joto litatuletea mvua zaidi. Tope la Chala linazipinga.

Najua atatokea wa kuniuliza: mbona mwishoni mwa mwaka 2023 tulipata mafuriko? Swali ni la haki. Hata hivyo, msimu mmoja si karne. Isitoshe, uchunguzi mwingine wa matabaka ya Chala, uliotolewa mwaka 2011, ulionyesha kuwa mvua ilibadilika kidogo tu mwaka hadi mwaka zama za baridi, na hubadilika zaidi zama za joto. Mafuriko na ukame basi ni ndugu wa tumbo moja.

Ikiwa ndivyo, kupanga maendeleo kwa kutumaini mvua ya kesho ni kujidanganya. Serikali ya kaunti haina budi kutanguliza mabwawa ya mchanga katika mito ya msimu, matangi katika kila shule, na mbegu za mtama, pojo na mbaazi badala ya kung'ang'ania mahindi tambarare. Maji ya mafuriko yanayotiririka bure ndiyo akiba ya mwaka wa ukame.

Jambo la pili ni elimu. Tangu miaka ya 1950 bomba la Mzima hubeba maji kutoka ardhi yetu hadi Mombasa, na manung'uniko yake tunayajua. Isiwe maarifa ya Chala nayo yapite mbele yetu kuelekea Ulaya huku sisi tukibaki na kiu. Chuo Kikuu cha Taita Taveta, kilichopewa hati mwaka ule ule wa 2016, kinafaa kuwa na vijana wanaoweza kulisoma tope hilo wenyewe na kuwafasiria wakulima kwa lugha wanayoielewa.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mvua yetu limepatikana. Tulisome kabla ya kupanda.