Je, Wajua? Ngitili Hulisha Ng'ombe na Kuhifadhi Kaboni

Je, wajua kwamba udongo wa dunia, ukihesabu mita moja tu kwenda chini, una kaboni nyingi kuliko iliyomo angani na kwenye mimea yote kwa pamoja? Inakadiriwa kuwa ni tani bilioni 1,500 hivi. Ni mizizi, majani na samadi vilivyooza vikawa mboji. Kila tani moja ya kaboni inayobaki ardhini ni sawa na tani 3.67 za hewa ukaa zisizopanda kuichemsha dunia.

Lakini weusi wa udongo usikudanganye ukadhani wote ni mboji. Udongo wa mbuga wa Usukumani, ule unaopasuka kiangazi hadi mguu wa ndama unazama, ni mweusi tii hata pale mboji yake ilipo haba. Sifa yake ni kuwa wa mfinyanzi: chembe zake ndogo hushikamana na mboji na kuikinga na vijidudu vinavyoila. Udongo wa kichanga wa mwinukoni hauna kinga hiyo, na jembe huumaliza upesi.

Je, wajua kwamba Wasukuma walikuwa na ghala la kaboni kabla neno hilo halijafika vijijini? Ni ngitili. Mvua zikianza, eneo la malisho hufungwa, mifugo isiingie. Nyasi hukua, huchanua na kudondosha mbegu. Kiangazi kikikaza hufunguliwa sehemu kwa sehemu, na wa kwanza kufikiriwa ni ndama, ng'ombe wazee na wagonjwa. Wakati huo wote mizizi inashuka. Mingine inakufa na kuoza hukohuko chini, isikofika jembe wala moto. Wazee waliotenga ngitili walikuwa wanatafuta malisho ya Septemba, na mimi naona hapo ndipo penye nguvu yake: kitu kinachomshibisha mwenye nacho hakihitaji mlinzi kutoka mbali.

Hata hivyo ngitili zilikaribia kwisha. Enzi za Waingereza vichaka vya Shinyanga vilifyekwa kwa maelfu ya ekari ili kumnyima mbung'o makazi; C. F. M. Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mdudu huyo, aliweka kituo chake hapohapo Shinyanga. Likafuata jembe la pamba. Miaka ya 1970 watu wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, ngitili zao zikabaki nyuma bila mwenyewe. Mwalimu Nyerere akafikia kuuita mkoa huo jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI. Wakati huo ngitili zilizojulikana zilikuwa hekta 600 hivi. Mradi ulipofungwa mwaka 2004, zilikuwa zimerudi hekta zisizopungua 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Miche ilipandwa, lakini kazi kubwa ilifanywa na visiki vya migunga vilivyokuwa hai ardhini, vikisubiri tu kuachwa vichipue. Sheria zilipitishwa kwenye dagashida, yaani mkutano wa jadi wa Wasukuma, na sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, wakazilinda. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Je, wajua kwamba sehemu ya historia hiyo sasa iko Geita? Bukombe ilikuwa wilaya ya Shinyanga hadi Mkoa wa Geita ulipoundwa mwaka 2012. Na huko dhahabu ina madai yake juu ya miti na udongo. Duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, hushikiliwa na matimba, magogo yanayozuia kuta zisiporomoke, na kambi hupikia mkaa. Shimo likichimbwa, udongo wa juu wenye mboji hufunikwa na kifusi. Mchimbaji anayeuweka kando udongo huo na kuurudisha juu anapofukia humsaidia sana mkulima atakayefuata.

Shambani je? Mabua ya pamba hung'olewa na kuchomwa ili wadudu wasipate pa kuvukia msimu, na sababu hiyo ni ya haki. Lakini mabua ya mahindi na mtama yasichomwe: yaache yafunike ardhi, ongeza samadi ya zizini. Tena ijulikane kwamba udongo nao hushiba; baada ya miongo kadhaa hauongezi tena. Na ngitili ikilimwa, kaboni iliyokusanywa kwa miaka mingi huanza kurudi angani msimu huohuo.

Ukitaka kujionea, chukua bonge kavu la udongo kutoka ngitili na jingine kutoka shamba linalolimwa kila mwaka, udongo uwe wa aina moja. Yatumbukize taratibu kwenye glasi mbili za maji. La shambani hupukutika upesi, maji yakawa tope. La ngitili hukaa. Gundi inayolishika ndiyo mboji yenyewe. Fanya hivyo na watoto nyumbani kabla hujaamua ni kipande kipi cha ardhi yako kipumzike mwaka huu.