Je, Wajua? Msitu Unaosubiri Mwaka 2185

Je, wajua kuna utafiti ulioanza 1985 na kupangiwa kumalizika 2185? Uko katika msitu wa H.J. Andrews, jimbo la Oregon, Marekani. Mwanaikolojia Mark Harmon na wenzake walilaza magogo zaidi ya 500, wakaanza kusubiri yaoze. Kila baada ya muda hukata kipande, hukipima, hurudi zao. Si uvivu: gogo likioza hutoa kaboni hewani na kurudisha rutuba udongoni, na mengine huchukua karne mbili kuisha. Matokeo ya mwisho atayaandika mtu ambaye hajazaliwa.

Je, wajua gogo lililoanguka huweza kuwa na uhai mwingi kuliko mti uliosimama? Sehemu kubwa ya shina la mti mkubwa ni mbao iliyokwisha kufa. Likianguka, kuvu, bakteria na wadudu huhamia humo.

Je, wajua msitu huo wa hekta kama 6,400 ulitengwa 1948 kwa utafiti wa ukataji miti? Waliotaka kuvuna miti mikongwe walitafuta njia bora ya kuikata na kupanda upya. Miaka ya 1960 bonde moja likafyekwa lote, la pili likavunwa robo, la tatu likaachwa, na vijito vyote vitatu vikapimwa maji. Mwanzoni maji yaliongezeka palipofyekwa. Aliyeishia miaka kumi angeapa kwamba msitu ndio unaomaliza mito. Lakini mwaka 2017 watafiti waliolinganisha mabonde ya huko na mengine ya Oregon waliripoti kwamba miti iliyopandwa, ikifika miaka 34 hadi 43, huacha kiangazi nusu tu ya maji yanayotoka kwenye msitu mkongwe.

Je, wajua zamani wataalamu waliagiza magogo yaondolewe mitoni ili samaki wapite? Watafiti wa Andrews walisaidia kuonyesha kwamba gogo hutengeneza vidimbwi ambamo samaki hujificha. Leo watu hulipwa kuyarudisha.

Na je, wajua kwamba Agosti 2023 radi iliwasha moto uliopita sehemu kubwa ya msitu huo? Watafiti walirudi na vipimo vyao. Wanayo miaka 70 na zaidi ya takwimu za kulinganisha.