Je, Wajua? Mchanga Ndani ya Rangi

Je, wajua kuwa mchoro wa mchoraji Claude Monet wa ufuko wa Trouville, Ufaransa, una chembe za mchanga halisi? Aliuchora mwaka 1870 papo hapo ufukweni, na upepo ukarusha mchanga kwenye rangi mbichi. Sasa umo katika jumba la sanaa la National Gallery, London. Tazama gauni jeupe la mwanamke wa kushoto, anayeaminika kuwa mkewe Camille: mapigo mapana ya brashi, ya haraka, na vivuli vya kijivu badala ya vyeusi.  Nawe jaribu kutazama vivuli hivyo: ukitua uwanja wa ndege wa Bangboka, ukafika Kisangani jioni, shuka hadi mto Kongo: kivuli cha mtumbwi mchangani kina rangi gani?