Kufuli la Wote na Watunzaji Wake

Katika vijiji vya Singida, mkoa wenye mvua haba, kisima ni mali ya wote. Lakini pampu isiyo na kamati ya kuitunza huharibika, na ndoo hurudi tupu. Ndivyo ilivyo pia kwa programu huria za kompyuta.

Ujumbe wa benki upitao katika intaneti hufumbwa kwanza, yaani hugeuzwa kwa hesabu usisomeke bila ufunguo. Kazi hiyo hufanywa mara nyingi na programu kama OpenSSL, ambayo maandishi yake yako wazi kwa kila mtu. Je, uwazi huo si hatari? La. Mwaka 1883 Auguste Kerckhoffs alieleza kwamba siri yapasa kukaa katika ufunguo, si katika muundo wa kufuli.

Hata hivyo, uwazi pekee hautoshi. Machi 2012 toleo jipya la OpenSSL lilitoka na kosa lililomwezesha mtu wa mbali kuchota yaliyomo katika kumbukumbu ya kompyuta, hata funguo. Kosa hilo, liitwalo Heartbleed, lilitangazwa Aprili 2014. Watumiaji walikuwa mamilioni. Aliyeishughulikia programu hiyo muda wote alikuwa mtu mmoja. Ndipo makampuni yakachangia fedha, na baadaye ikaundwa kamati ya uongozi yenye kanuni.

Mwanafunzi apendaye hisabati leo aweza kesho kuwa miongoni mwa watunzaji hao.